Wageni kumi mwisho wa Julai: mboga za msimu, mbuzi na mvinyo. Nipange vipi?

Nyambura_wa_Ruaka

Hamjambo wapenzi wa jikoni. Jumamosi ya mwisho ya Julai nina wageni kumi nyumbani kwangu Ruaka, na nataka kila kinachofika mezani kiwe kimetoka shamba la hapa karibu na kiwe cha msimu huu. Si chakula cha hoteli. Nataka mtu akila minji (njegere) ajue amekula minji.

Wanaokuja ni mama mkwe na dada yake kutoka Kandara, wenzake mume wangu wanne wa kazini, jirani zetu wawili ambao ni Waislamu, na rafiki yangu wa chuo pamoja na mumewe, ambao wanaupenda mvinyo na wanaufahamu. Wanaokunywa hasa ni sita. Mama mkwe huonja kidogo ikiwa ni kitamu.

Nina oveni ya gesi, jiko la makaa la kutumia barazani, na friji ndogo. Nimetenga shilingi 8,000 za mvinyo, na ningependa angalau chupa moja iwe ya Kenya.

Yanayonitatiza ni mawili. Kwanza, supermaketi ina kila kitu mwaka mzima, sasa nitajuaje ni nini kweli kiko msimu? Pili, kila ninayemuuliza ananiambia nyama na mvinyo mwekundu, samaki na mweupe, basi. Mbona hakuna anayeniambia chochote kuhusu mukimo, managu (mnavu) na kachumbari? Hivyo ndivyo nitakavyopika mimi. Asanteni mapema.

Mama_Shamba_Tigoni

Dada Nyambura, umechagua mwezi mzuri. Watu wengi wakisikia msimu wanafikiria Desemba, maembe na plamu. Lakini huku juu kwetu masika ikishapita ndipo mashamba yanapojibu. Mimi nalima Tigoni na wikendi napikia wageni, kwa hivyo nakuambia ninayoyaona kwa macho.

Sasa hivi minji iko. Viazi vipya vinashuka kutoka Kinangop. Mahindi mabichi ya Kiambu na Murang'a yameanza kujaa punje, na maharagwe mabichi bado yapo kwenye maganda. Avokado ya Hass ya Murang'a iko katika msimu wake mkubwa, ule unaoanza Machi, na ndiyo wakati ina mafuta ya kutosha. Makadamia ya Embu na Kirinyaga mavuno yake yanaelekea mwisho, kwa hivyo utapata mapya. Managu, terere na majani ya malenge hayana shida. Matunda damu yapo. Embe liache. Maembe ya Makueni na Machakos ni ya kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Ukiliona sasa litakuwa la bei, na ladha hutaipata.

Ya supermaketi usiyatazame kabisa unapopanga. Nenda Wangige au City Park asubuhi, au Marikiti ikiwa unaweza kuamka alfajiri, halafu utazame kitu kimoja: ni nini kila mama anacho leo, na bei yake imeshuka? Hicho ndicho cha msimu. Kikiwa kwa mama mmoja tu, kimepangwa vizuri kwenye sahani ndogo, bei juu, hicho kimetoka mbali au kimekaa baridini. Ndiyo maana sipendi mtu aandike orodha ya vyakula wiki mbili kabla. Andika umbo la mlo: kitu cha kuanzia, cha wanga, cha nyama, cha majani, cha mwisho. Majina utayajaza ukitoka sokoni.

Sasa minji, kwa sababu hapo ndipo chakula chako kitakaposimama au kuanguka. Usinunue iliyokwisha kuambuliwa na kufungwa kwenye karatasi. Minji ikishavunwa sukari yake inaanza kugeuka wanga, na kufikia jioni utamu mwingi umekwenda. Nunua iliyo kwenye maganda, siku ile ile ya kupika. Chukua ganda moja, likunje: linatakiwa kuvunjika kwa mlio, si kujipinda. Lifungue, uitie punje moja mdomoni ikiwa mbichi. Ikiwa tamu na ngozi yake haikwami menoni, nunua. Ikiwa inakuachia unga ulimini, msalimie mama wa watu na usonge mbele. Wauzaji wazuri wanajua mtu anayeonja na hawakasiriki. Kaa na mama mkwe na dada yake saa tisa mchana muiambue pamoja. Wamama wa Kandara hawatakubali kukaa tu kwenye kochi kama wageni wa serikali, na mikono yao ina kasi kuliko yetu.

Mukimo wa Julai ni huu: viazi, mahindi mabichi, majani machanga ya malenge, minji. Mahindi yanatangulia kwenye sufuria peke yake, viazi vinafuata. Majani yachemshe pembeni kidogo tu, uyakamue. Minji nayo iwe na sufuria yake, maji ya chumvi yanayotokota, isikae zaidi ya dakika tatu nne, halafu uimwagie maji baridi ibaki na rangi. Ponda viazi, mahindi na majani kwa mwiko. Nusu ya minji iponde humo, nusu ichanganye mwishoni ikiwa nzima. Mtu akitafuna mukimo, punje ipasuke na itoe utamu wake pale pale. Maliza na vitunguu vya majani vilivyokaangwa kwa siagi.

Jambo moja ambalo watu wa Nairobi tunasahau: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maharagwe makavu yanachukua muda mrefu kuliko kitabu kinavyosema. Kwa hivyo ukiamua kuongeza njahi, yale maharagwe meusi ya Kikuyu, kwa heshima ya mama mkwe, na mimi ningeongeza, zipike Ijumaa.

Nyama: mguu wa mbuzi, kilo mbili na nusu hivi. Mnunue Alhamisi, si Jumamosi asubuhi. Mbuzi aliyechinjwa leo ni mgumu, nyama inataka kupumzika kwenye friji siku moja mbili. Mpake saumu, chumvi, pilipili manga, na rozimari. Rozimari usinunue, ua wa mtu fulani huko Ruaka umejaa rozimari, mwombe tawi. Funika, oveni nyuzi 150, saa tatu. Kisha mfunue umtoe barazani kwenye makaa apate rangi na harufu ya moshi. Na nakuomba sana, jiko la makaa libaki barazani hata baridi ikizidi. Kila Julai tunasikia watu waliolala na jiko ndani na hawakuamka.

Managu hapo ndipo pagumu kwa mvinyo, lakini hilo nitamwachia anayelijua zaidi. Kwangu mimi managu yanachambuliwa, yanachemshwa kidogo bila kifuniko, maji yanamwagwa, halafu yanalala usiku kucha kwenye maziwa na malai. Siku ya pili unayapasha na kitunguu tu. Uchungu unabaki, lakini unakuwa mpole. Hiyo ni kazi nyingine ya Ijumaa.

Cha kuanzia: avokado iliyokatwa vipande vikubwa, ndimu, chumvi ya mawe, dania, na makadamia uliyoyakaanga makavu na kuyavunja kwa mchi. Usiongeze kitu kingine. Cha mwisho: matunda damu yaliyomenywa na kupikwa polepole na sukari ya kahawia na kijiti cha mdalasini, juu yake mtindi mzito.

MezaNambaSaba

Mama Tigoni ameshapika, mimi nimimine. Nimehudumu mezani katika mahoteli ya hapa Nairobi miaka mingi, na hiyo kanuni ya nyama nyekundu na mvinyo mwekundu nimeiona ikiharibu chakula kizuri mara nyingi. Dada, usiitazame nyama. Tazama kile kilicho kichachu zaidi kwenye sahani, kile kilicho kichungu zaidi, na pilipili iko wapi. Mvinyo unapatana au unagombana na hivyo vitatu kabla haujaifikia nyama.

Kachumbari yako ina nyanya na ndimu. Mvinyo ambao hauna uchachu wake wenyewe ukikutana na ndimu unakuwa maji tu. Kwa hivyo avokado, minji na kachumbari vinataka mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc. Zabibu hiyo kwa asili ina harufu ya majani mabichi, kama pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi, na ndiyo maana ukiinywa na minji unahisi vimetoka shamba moja. Hapa ndipo uweke chupa yako ya Kenya. Leleshwa wanatengeneza Sauvignon Blanc, mizabibu yao iko Morendat, Naivasha. Kule ni juu, karibu mita 1,900, mchana jua na usiku baridi, na baridi ya usiku ndiyo inayoiachia zabibu uchachu wake. Rafiki yako anayeufahamu mvinyo atafurahi kuiona chupa hiyo kuliko ya Ufaransa ya bei mara tatu.

Mbuzi mwenye moshi na mafuta anataka mwekundu, hilo sikatai. Ule ukavu unaoushika ulimi kwenye mvinyo mwekundu unaitwa tanini, na tanini hushikana na protini na mafuta ya nyama, ndiyo maana mvinyo ulioonekana mkali peke yake unalainika ukitafuna mbuzi. Shiraz itafaa. Pinotage ya Afrika Kusini itafaa pia na haikosi madukani. Ni zabibu iliyozaliwa kwao Stellenbosch mwaka 1925, na ina kitu cha moshi ambacho kwa nyama ya makaa kinapendeza sana.

Managu sasa. Tanini nayo ni chungu na kavu. Ukinywa Pinotage baada ya kijiko cha managu utapata uchungu juu ya uchungu, na mtu atalaumu mboga ilhali kosa si la mboga. Malai ya Mama Tigoni inasaidia sana. Lakini kwa managu mimi ningempa mgeni Chenin Blanc, mweupe pia. Ina mwili, ina uchachu, haina tanini ya kumsumbua mtu, na Afrika Kusini hakuna zabibu iliyopandwa zaidi ya hiyo, kwa hivyo nzuri hupatikana bila kuvunja mfuko. Chenin inavuka meza yote, kutoka mukimo hadi njahi hadi managu. Kama ungekuwa na pesa za chupa ya aina moja tu, ningekuambia ununue hiyo.

Hesabu: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Watu sita, glasi tatu kila mmoja kwa jioni nzima pamoja na chakula, ni glasi 18. Chupa nne zinatosha: mbili za Chenin, moja ya Sauvignon, moja nyekundu. Zitaingia kwenye 8,000 zako. Weka majagi ya maji mezani, na uliza mapema nani anaendesha gari.

Halafu baridi. Mwekundu unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na nyumba zetu Julai ziko hapo hapo, kwa hivyo uache kabatini. Usiuweke karibu na jiko. Mweupe kwa kawaida unawekwa kwenye friji, lakini usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 hivi, kwa hivyo zikishapoa kwenye friji mchana, zitoe barazani jua likizama na friji yako ndogo ibaki na nafasi ya mtindi.

Bi_Zainab_SouthC

Assalaam aleikum. Nimesoma yote na njaa imenishika. Naomba niseme kwa ajili ya wale jirani wawili, kwa sababu mambo haya watu hawaulizi mpaka siku yenyewe.

Mwanangu, waambie mapema kwamba mvinyo utakuwepo. Usiwaambie kwa kujitetea, waambie tu wajue. Tuko wa namna nyingi. Wapo ambao mradi glasi yao haina pombe wanakaa na kula kwa raha zao. Na wapo ambao hawakai kwenye meza ambayo pombe inanyweka, hata kama wao hawaigusi, na hilo ni la dini, si la kukuchukia. Ukiwaambia mapema unawapa nafasi ya kuchagua, nawe unapata nafasi ya kupanga. Wakikuta siku hiyo chupa ziko wazi, watakula haraka haraka na kuondoka na hutajua kwa nini.

Mbuzi muulize mchinjaji, utapata halali bila taabu, Kiamaiko wamejaa. Na mvinyo usiingie kwenye sufuria hata kidogo. Watu husema pombe yote inaruka na mvuke. Si kweli, hata ikichemka saa nzima sehemu yake inabaki.

Vinywaji vyetu navyo vitengenezwe kwa moyo ule ule, isiwe wenzetu wanapimiwa zabibu za Naivasha halafu sisi tunafunguliwa soda. Ukwaju uliolowekwa usiku, ukachujwa, na tangawizi mbichi na sukari kidogo: uchachu wake utafanya na mbuzi kazi ile ile aliyoisema Meza Namba Saba. Karakara kwa avokado. Na kwa baridi hii, kahawa chungu ya tangawizi ya kwetu Mombasa baada ya kula, kwenye vikombe vidogo, kila mtu ataitaka, hata hao wa mvinyo.

Mzee_Gatuto

Mnasema mvinyo mvinyo. Mama mkwe wa Kandara akaribishwe kwa zabibu za Afrika Kusini? Muratina iko wapi? Asali, maji, na tunda la mti wenyewe lililokaushwa. Hiyo ndiyo ya shamba na ya msimu. Baba zetu hawakupeleka posa bila hiyo.

Mama_Shamba_Tigoni

Mzee wangu, umesema kweli na nakuheshimu kwa hilo. Muratina nzuri, ya asali, iliyotengenezwa na mzee unayemjua, inakaa vizuri sana na njahi na mbuzi. Ina utamu na uchachu kwa pamoja. Kama Nyambura ana mtu wa familia anayeitengeneza, na iwekwe mezani kwa heshima, kwenye pembe. Lakini ya kununua kwa mtu usiyemjua siwezi kumshauri. Siku hizi hujui kilichotiwa ndani, na kwa jambo hilo siwezi kubahatisha na watu kumi.

Mdodoma_SouthB

Habari za jioni. Mimi ni Mtanzania, nimeishi Nairobi muda mrefu. Nashangaa hakuna aliyegusa Dodoma. Zabibu kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huanza kukaribia mwezi wa nane, kwa hivyo ukisema msimu, sisi tumo. Makutupora ni zabibu nyekundu ya kwetu, mvinyo wake ni mkavu na unavumilia nyama choma.

Lakini ninachotaka kumwambia dada ni Dompo, kwa ajili ya mama mkwe. Ni mtamu, mwekundu, na una nguvu kuliko mvinyo wa kawaida, kwa hivyo humimini glasi nzima. Kiglasi kidogo baada ya chakula. Yale matunda damu yenye mdalasini ni machachu na matamu kiasi, na kanuni ya mwisho wa mlo ni kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko kitu kilicho kwenye bakuli. Vinginevyo unakuwa mkali mdomoni. Hapo Dompo inafaa kabisa. Ukiwa na mtu anayetoka Dodoma au Arusha, mwagize chupa moja.

MezaNambaSaba

Ndugu wa Dodoma amenena. Na kanuni hiyo ya utamu ndiyo inayovunjwa zaidi katika sherehe zetu: keki yenye sukari tele, na mvinyo mkavu wa kugonganishia glasi. Watu wanakunja nyuso na kusema hawapendi mvinyo. Si kwamba hawaupendi, wamepewa wakati usiofaa.

Niongeze kuhusu pilipili, nilipasahau. Ikiwa kachumbari itakuwa na pilipili kali, ipunguze au iweke pembeni kwenye bakuli lake. Pombe inaongeza moto wa pilipili, na mwekundu wenye nguvu unauongeza zaidi. Anayetaka kuungua ajiwekee mwenyewe, na Chenin imsaidie.

Nyambura_wa_Ruaka

Nawashukuru nyote, sikutegemea majibu ya namna hii. Bi Zainab, nimefuata ushauri wako leo jioni. Nimempata jirani kwenye ngazi, nikamwambia wazi. Amesema ananishukuru kwa kumwambia, na kwamba wao wangependa kuja, ila mumewe hapendi kukaa panaponywewa. Wakati huo huo mama mkwe amenipigia akasema anataka kula mapema kwa sababu ya kisukari chake. Sasa ninawaza: je, nikiweka chakula kwa watu wote mapema bila mvinyo, halafu mvinyo ufunguliwe baadaye? Lakini hapo kazi yote ya Meza Namba Saba ya kulinganisha mvinyo na chakula inapotea, na rafiki yangu anakuja kwa ajili hiyo.

Na Mama Tigoni, Ijumaa niko kazini hadi saa kumi na moja. Njahi na managu vitawezekana?

Mama_Shamba_Tigoni

Haipotei dada, igawe. Jua Julai huzama kama saa kumi na mbili na nusu na zaidi kidogo. Jirani zako wakishaswali Magharibi, saa moja kamili mle ndani kila mtu pamoja: supu, mukimo, njahi, managu, sehemu ya mbuzi iliyotoka kwenye oveni. Mezani kuna ukwaju, karakara na maji. Hakuna chupa hata moja ndani ya nyumba inayoonekana. Supu nimeiongeza sasa hivi: yale maganda ya minji usiyatupe, yale yaliyo laini yachemshe na kitunguu na kiazi kimoja, saga, chuja. Ni ya kijani kabisa, na mama mkwe akiwa na kisukari itamfaa aanze nayo kabla ya mukimo. Naye mukimo umpakulie kidogo, majani na njahi ziwe nyingi.

Saa mbili na nusu hivi kahawa ya Bi Zainab inazunguka. Wazee wapumzike, jirani waage wakitaka kuaga. Hapo ndipo wale sita wanatoka barazani. Nusu ya mbuzi uliyoibakiza iko kwenye makaa, inakatwa vipande vidogo pale pale. Avokado na makadamia, ambavyo hukuvitoa mwanzo, vinatoka sasa na Sauvignon ya Naivasha. Kachumbari mpya. Bakuli la managu na Chenin, ili rafiki yako aone alichokisema Meza Namba Saba kwa ulimi wake mwenyewe. Halafu mbuzi na mwekundu. Hawatakuwa na njaa, watakuwa na hamu tu, na mvinyo unaonjwa vizuri zaidi hivyo. Mama mkwe akitaka kiglasi chake cha kitamu, hapo umuulize kwanza daktari wake amesemaje. Ikiwa hapana, mpe matunda damu uliyoyapika bila sukari, mdalasini unatosha.

Ijumaa itawezekana. Njahi zioshe Alhamisi usiku, uzimwagie maji ya moto, uziloweke, ubadilishe maji asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni zitachukua saa moja unusu hadi mbili. Managu mwombe mama mboga wako akuchambulie, wengi wanafanya hivyo ukiwalipa kidogo. Kuyachemsha ni dakika chache, kuyalaza kwenye maziwa ni sekunde. Kufikia saa tatu usiku umemaliza.

Bi_Zainab_SouthC

Mashaallah. Hapo umepanga. Nyambura, kitu kidogo: glasi za mvinyo na vikombe vya ukwaju visioshwe kwenye beseni moja usiku huo kabla jirani hawajaondoka. Ni jambo dogo lakini mtu anayejali ataliona.

Nyambura_wa_Ruaka

Nimeelewa, Bi. Nitatenganisha tangu mwanzo. Mdodoma, shemeji yangu anatoka Arusha Alhamisi, nimemwagiza Dompo.

La mwisho kabisa: mvinyo ukibaki kwenye chupa nifanyeje? Sitaki kumwaga.

MezaNambaSaba

Ziba kwa kizibo chake na urudishe kwenye friji, hata ule mwekundu. Hewa ndiyo inayouharibu, na baridi inaichelewesha. Mweupe utakaa siku tatu nne, mwekundu siku tatu hivi. Dompo kwa ajili ya nguvu na sukari yake itavumilia wiki kadhaa. Ukibakiwa na mwekundu hadi Jumanne na hutaki kuunywa, uchemshe na mabaki ya mifupa ya mbuzi na nyanya, ila jirani usimpelekee mchuzi huo.

Mama_Shamba_Tigoni

Jumamosi hiyo nitakuwa Wangige kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, upande wa viazi. Minji yangu navuna Ijumaa jioni jua likishapoa, na gunia moja halitauzwa kabla hujafika. Njoo na kikapu, si mfuko wa plastiki, maganda yasipate joto njiani.